Picha Ishirini na Tisa

Ontlametse Sebego alikuwa mtu wa kukunja pua. Aliikunja akiona kikombe chenye ukoko wa chai ya jana, aliikunja akimwona mtu mzima anakohoa bila kuziba mdomo, na kwa miaka sita aliikunja kila alipofungua mlango wa chumba cha kompyuta cha Ushirika wa Wafugaji wa Mokgalo, pale Palapye, kando ya reli. Wenzake walimtania kwamba siku pua hiyo itakaponyooka, ofisi itafungwa kwa sherehe. Yeye hakucheka. Alikuwa na sababu zake, na nyingi zilikuwa za kweli.

Si kwamba alilelewa kwa manukato. Alizaliwa porini, kwenye zizi la baba yake, ambako choo ni kichaka na maji ya kunywa yananuka ng'ombe. Samadi haikumchefua hata siku moja. Kilichomchefua ni uzembe, hasa ule wa watu wazima waliovaa tai. Baba yake hakujua kusoma, lakini ng'ombe wake wachache hakuwaweka mahali pamoja: wengine kwake, watatu kwa shemeji yake Serowe, wawili kwa rafiki yake Tonota. Huko wanaita mafisa. Unampa mwenzako ng'ombe akutunzie, yeye anakunywa maziwa na kulimia, ndama wanabaki kuwa wako, na ukiridhika naye unamwachia mmoja. Ugonjwa ukiingia zizi moja, lile jingine linabaki. Mzee alikuwa akilala vizuri kwa ajili hiyo.

Kazi ya ushirika ilikuwa kutunza maneno ya mafisa. Kila mwaka baada ya mvua, mwenye ng'ombe alikuja na yule anayemtunzia, wakataja ndama waliozaliwa na waliokufa, Ontlametse akaandika. Zamani waliandika kwenye karatasi na kubandika alama ya kidole gumba. Miaka miwili kabla ya mambo haya, karatasi zote zilichomwa moto nyuma ya vyoo ili meneja apate nafasi ya kuweka kochi la wageni. Ontlametse mwenyewe ndiye aliyebeba maboksi. Aliyabeba akikunja pua kwa sababu ya vumbi, na baadaye hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

Kuanzia hapo maneno yote yaliishi ndani ya kompyuta moja kubwa nyeusi, iliyofungiwa kwenye kabati la chuma. Ndani yake mlikuwa na kompyuta nyingine nne zisizo na mwili, ambazo mafundi huziita mashine pepe. Zinawaka, zinazimika, zinafanya kazi kama kompyuta yoyote, ila ukitaka kuzishika kwa mkono huna cha kushika zaidi ya diski nne za ile mama yao. Mojawapo ndiyo iliyotunza mafisa ya wanachama wote.

Meneja, Rra Phuthego (kwao Rra ni Bwana, Mma ni Bibi), alikuwa mtu mnene wa furaha, mwenye sauti ya kanisani. Mwezi wa tatu alirudi kutoka semina ya siku mbili Francistown akiwa amependa jambo jipya. Mwalimu wao alikuwa amepiga picha ya mashine pepe, si kwa kamera bali kwa amri ya kompyuta, akafuta kila kitu mbele ya macho yao, akabonyeza kitufe, vyote vikarudi. Rra Phuthego alisimulia kisa hicho mpaka mlinzi wa getini akakijua kwa moyo. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliingia chumba cha kompyuta, akapiga picha yake moja, akatoka akijipangusa mikono utadhani katoka kukamua.

Picha yenyewe si kitu kibaya. Inafaa sana kwa siku moja au mbili, pale fundi anapotaka kubadilisha jambo ndani ya mashine na anaogopa kuiharibu. Ila hainakili chochote. Inaifunga diski ya zamani isiandikwe tena, halafu kila kipya kinachokuja kinaandikwa, tuseme, kwenye karatasi ya pembeni. Mambo yakiharibika unaichana karatasi, unarudi ulipokuwa. Mambo yakienda sawa unaiunganisha na kitabu, unaifuta picha, unaendelea na maisha. Rra Phuthego hakufuta hata moja. Alirundika karatasi juu ya karatasi, Ijumaa juu ya Ijumaa, mpaka mashine ikawa inapekua rundo zima kutafuta ndama mmoja, na mtu aliweza kumaliza chai yake kabla ukurasa haujafunguka. Na zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zilikaa kwenye diski zilezile nne, ndani ya kabati lilelile.

Ontlametse alimwambia mapema kabisa kwamba picha si nakala ya akiba. Rra Phuthego akaegemea kiti, akamtazama kwa upole wa kuudhi. Kwa lugha yao picha ni setshwano, neno linalotokana na kufanana.

“Mma, setshwano ni nini?” akamuuliza.

“Ni picha, Rra.”

“Ni kitu kilichofanana na kingine. Haya, na nakala ni nini? Kitu kilichofanana na kingine. Sasa umesoma Gaborone miaka miwili kuja kunigombeza kuhusu nini?”

Ontlametse alimwomba diski moja ya pembeni, aandike kila kitu humo, aichomoe, aitoe nje ya jengo, hata ikalale kwa fundi cherehani kule sokoni. Meneja alicheka mpaka akakohoa, bila kuziba mdomo, akasema siri za wafugaji haziwezi kulala kwa fundi cherehani. Ontlametse akamwandikia barua. Akamwandikia ya pili. Zote zilikuwa za lugha ya mafundi, maneno marefu ambayo Ontlametse aliyapenda kwa sababu yalikuwa sahihi, na ambayo hakuna mtu ofisini aliyeyafikisha mwisho.

Barua ya tatu aliikuta chini ya sahani ya phane, wale viwavi wakavu wa mti wa mopane. Hata yeye aliwapenda, lakini mezani. Rra Phuthego alikuwa na tabia ya kuwala akisubiri picha yake imalize, na vichwa alivivunja na kuviacha katikati ya herufi za kibodi. Siku moja Ontlametse alikuta mguu wa kiwavi umekwama chini ya A. Aliutoa kwa kibanio cha nywele, akaenda nje kutema mate.

Kulikuwa na fomu ya kamati kila mwisho wa mwezi. Kisanduku cha nne kiliuliza nakala za akiba zilizopo. Rra Phuthego alijaza idadi ya picha zake kwa wino wa bluu, na chini palikuwa na mahali pa saini ya mtunza kompyuta. Miezi miwili ya kwanza Ontlametse aligoma. Mwezi uliofuata mwenyekiti wa kamati alimpigia simu akamuuliza kwa nini anakwamisha kazi za watu. Akasaini. Mwezi wa baada yake akasaini bila kusoma. Alijiambia kwamba uchafu ni wa yule aliyeuandika, yeye amechoka tu, na mtu kuchoka si dhambi. Alisaini mara tano.

Diski nne zilipangwa hivi: moja ikifa, tatu zilizobaki zinabeba mzigo, mbili zikifa, hakuna tena. Mwezi wa tisa moja ilikufa. Taa yake ya manjano ikawaka, na kabati likaanza kulia pii, pii, mchana kutwa. Ontlametse aliomba diski mpya, ombi likaenda kwenye kamati kusubiri kikao. Rra Phuthego, ambaye kelele ile ilimkatisha usingizi wa kochini, alitafuta mahali pa kuizima sauti akaizima, kisha akaibandika taa kipande cha utepe wa gundi. Ontlametse alikibandua. Kesho yake alikikuta kimebandikwa tena, viwili, kwa msalaba.

Wiki ya tatu ya mwezi wa kumi, kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo kiliacha kudondosha, maana kiliacha kufanya kazi. Jumatano joto lilifika nyuzi arobaini na moja. Saa nne na robo asubuhi diski ya pili ikafa, na mashine pepe zote nne zikapotea kwenye kioo kwa mpigo mmoja.

Rra Phuthego alikuja haraka, lakini hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na uso wa mtu mwenye dawa mfukoni.

“Rudisha picha ya Ijumaa,” akasema.

“Iko wapi, Rra?”

“Si humo.”

“Humo wapi?”

Meneja akalitazama kabati. Alilitazama muda mrefu, na Ontlametse aliona jinsi jambo lilivyokuwa likimwingia polepole, kuanzia kidevuni.

“Hata ile ya kwanza kabisa?”

“Hata ile ya kwanza kabisa.”

Ontlametse alitegemea kufurahi. Miezi saba alikuwa ameisubiri saa hiyo, alikuwa hata na maneno aliyoyaandaa bafuni. Badala yake alitoka akasimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Diski zilipelekwa kwa fundi Gaborone. Fundi alipiga simu kesho yake, akasema hakuna cha kutoa humo, akauliza kwa nini mtu alibandika utepe juu ya taa ya diski moja.

Siku iliyofuata alikuja Mma Boipelo. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye mwavuli wa jua na viatu vya kanisani, na mumewe alikuwa amezikwa wakati wa baridi mwaka huohuo. Rra Boipelo alipeleka mitamba wawili kwa Rra Gabaake, mfugaji mwenzake, miaka kumi na tano iliyopita, kwa mafisa. Wale wawili wenye alama yake ya moto walikuwa wamekufa kwa ukame, lakini waliacha ndama, na ndama wakaacha ndama, wote wakiwa zizini kwa Gabaake na bila alama. Mjane alipokwenda kuwaomba, Gabaake alimwambia kwamba wale wawili walikufa bila kuacha hata kwato. Kesi ilikuwa Jumatatu, mbele ya kgosi, chifu wa mji. Zizi la nyumbani lilikuwa tupu.

“Nimekuja kuchukua maneno ya mume wangu, mwanangu,” akasema. “Alikuwa anakuja kila mwaka. Nilimwuliza akiwa kitandani, akaniambia wako tisa.”

Ontlametse alimwambia kwamba mashine imekufa. Mma Boipelo akampa pole kwa heshima, kama mtu anayeambiwa habari ya msiba wa mbali, kisha akaendelea kusubiri maneno yake. Ilibidi aambiwe mara mbili. Alipoelewa hakulia. Aliuliza tu kama Ontlametse atakuja Jumatatu kuyasema hayo mwenyewe, naye akasema atakuja.

Rra Phuthego hakuwa na nafasi Jumatatu. Alikuwa na semina nyingine. Alimwita Ontlametse ofisini akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba mvua za kwanza zimekaribia na mawingu yamekwisha kuonekana upande wa Tuli.

“Sema mashine imepigwa na radi, Mma. Radi haina mwenyewe. Hakuna atakayeuliza zaidi.”

Kwenye kona ya mdomo wake palikuwa na kipande cha phane. Ontlametse alikitazama kilivyokuwa kikipanda na kushuka, akaondoka. Hila ya mtu yule ilimtia kinyaa kuliko ujinga wake.

Jumatatu asubuhi aliazima sketi kwa jirani, maana mwanamke haingii na suruali kwenye kgotla, baraza la kgosi, akajifunga shali, akabeba kiti chake. Kgosi alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyerithi kazi mwaka uliopita na bado akikaa wima sana. Mma Boipelo alisimama akaeleza yake. Rra Gabaake, mtu mrefu aliyenyoa vizuri, alisimama akaeleza yake kwa masikitiko makubwa, akamsifu marehemu, akasema ushirika una kitabu, kitabu na kiseme. Alikwisha kusikia habari za mashine, kila mtu Palapye alikwisha kusikia. Kgosi akamwita Ontlametse.

Alianza na maneno yake ya kazini. Alisema juu ya diski nne na mashine pepe, picha zinavyofuatana na tofauti zinavyoandikwa pembeni, na kadiri alivyosema sahihi ndivyo watu walivyoangalia viatu vyao. Mzee mmoja wa nyuma akamwambia, “Ongea tukusikie, Mma.” Hakuwa anamdhihaki. Alitaka kumsikia.

Jibu la radi lilikuwa palepale, tayari, rahisi. Ontlametse akawatazama watu wale waliovaa makoti juani, watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyeweka ng'ombe wake wote zizi moja, na ndipo neno likamjia. Lilikuwa neno la baba yake. Alikuwa akiliandika kila siku kwa miaka sita.

“Kgosi, picha zilikuwa ishirini na tisa,” akasema. “Lakini zote zilikuwa ndama walio tumboni mwa ng'ombe mmoja. Tulikuwa tunawahesabu wa tumboni. Ng'ombe alikufa Jumatano.”

Watu wakaguna. Walielewa wote, mara moja, hata wale waliokuwa wanasinzia. Kgosi akainama mbele.

“Na mafisa? Hamkupeleka hata mmoja kwa jirani?”

“Hatukupeleka.”

“Ushirika wa mafisa.”

“Ndiyo, Kgosi.”

“Fomu niliyoletewa inasema nakala zipo. Saini ni ya nani?”

“Ni yangu.”

Sentensi moja ya zizini ilikuwa imefanya kazi ambayo barua tatu hazikuifanya. Angeisema mwezi wa tatu, hata Rra Phuthego angeielewa, maana naye ana ng'ombe Serowe. Ila Ontlametse aliona fahari kusema kwa lugha ambayo hawaijui, halafu akawadharau kwa kutoijua. Alisimama pale na sketi ya kuazima, na kwa mara ya kwanza alijikunjia pua yeye mwenyewe.

Kgosi akamwuliza kama anakumbuka kwa kichwa. Alisema anamkumbuka Rra Boipelo vizuri, alikuwa anavua kofia kabla ya kutaja ndama, na ndama walikuwepo, hilo anaapa.

“Wangapi?”

Mma Boipelo alikuwa akimtazama. Neno tisa lilikuwa mdomoni mwa Ontlametse, aliletewa na mjane mpaka mezani, na pengine lilikuwa kweli. Angelisema tu. Lakini hakuliona yeye kwenye kitabu, au aliliona akalisahau kati ya mamia, na alikwisha kusaini namba ya mtu mwingine mara tano.

“Idadi siikumbuki, Kgosi.”

Rra Gabaake akashusha pumzi, akaangalia chini ili asionekane anatabasamu. Mma Boipelo akasimama, ingawa zamu haikuwa yake, na hakuna aliyemkatiza.

“Mume wangu aliwatoa ng'ombe wake nyumbani ili njaa ikija isiwamalize wote,” akasema. “Halafu akaja kwenu kila mwaka, kwa miguu, na goti lile, awaachie maneno yake. Ninyi mkayafungia zizi moja.” Akakaa.

Bila idadi na bila alama, kgosi hakuweza kumnyang'anya mtu ng'ombe. Alimwuliza Gabaake kama ana ubinadamu. Gabaake akasema anao, akatoa maksai mmoja. Jioni ileile walimleta: mzee, mbavu nje, jicho la kushoto limefunikwa na utando mweupe, kwato moja imepasuka. Gabaake alimsindikiza mwenyewe kwa gari lake, akapokea shukrani za majirani. Ontlametse aliyaona hayo kutoka upande wa pili wa barabara, akarudi nyumbani bila kula.

Mwisho wa mwezi uliofuata ushirika ulikuwa na kompyuta mpya, na kitabu kitupu. Mtu wa kwanza kuingia kuandikisha alikuwa Mma Boipelo, na mwavuli wake. Alitaja maksai mmoja, mwekundu, jicho moja. Ontlametse akaandika kwenye mashine. Mama hakuondoka.

“Sasa niandikie kwenye karatasi,” akasema. “Nikae nayo mwenyewe.”

Aliandika kwa mkono, taratibu, akaweka tarehe na saini. Mma Boipelo aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akaaga.

Mchana Rra Phuthego alileta fomu ya kamati. Kwenye kisanduku cha nne alikuwa amejaza mbili kwa wino wa bluu, maana Ijumaa mbili zilikwisha kupita tangu mashine mpya iwashwe. Ontlametse aliikata ile mbili. Juu yake akaandika moja, na pembeni akaeleza ilipo: kwa Mma Boipelo, ndani ya kitabu cha nyimbo, ng'ambo ya reli. Kisha akasaini.